Celda 211 na bei ya roho ya askari

Kijana alipoanza kuvua mkanda wa suruali, Mzee alijiweka sawa kwenye kochi. Alipoinama kuchomoa kamba za viatu, Mzee akajipiga kofi gotini.

"Huyu kafunzwa," akasema. "Anajua mahabusu haingii na kamba."

Tulikuwa sebuleni kwake, Jumapili mchana, tunaangalia Celda 211, filamu ya Hispania ya mwaka 2009. Lugha yenyewe Kihispania, maandishi ya chini Kiingereza, na mimi katikati nimegeuka Lufufu wa bure, kama yule mtafsiri wa filamu: nasoma haraka, namrushia Mzee Kiswahili, nikichelewa ananisukuma, "Enhe, kasemaje?" Mzee kastaafu Jeshi la Magereza baada ya miaka zaidi ya thelathini, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Afande tu, hata kwa watoto waliozaliwa yeye akiwa tayari nyumbani anafuga kuku. Nilimpelekea filamu hii makusudi. Nilishaiona mara mbili peke yangu, na nilikuwa nimechoshwa na maoni yangu mwenyewe.

Mkasa ni huu. Juan Oliver kapata ajira ya uaskari magereza. Kesho ndiyo siku yake ya kwanza, lakini kwa kile kiherehere cha mtu anayetaka kuonekana mzuri kazini, anakwenda leo kuzoea mazingira. Wenzake wawili wanamtembeza. Kipande cha dari kinadondoka, kinampata kichwani, anazimia. Wanamlaza kwenye kitanda cha chumba kilicho jirani, namba 211, ambacho hakina mtu kwa sababu aliyekuwa akikaa humo amejiua. Wakati huohuo wafungwa wa kitengo cha watu hatari wanawazidi nguvu askari na kuuteka upande wote. Wale wenyeji wawili wanakimbia kuokoa roho zao. Juan anazinduka peke yake, ndani, kavaa nguo za kiraia, na nje ya mlango watu wanavunja kila kinachovunjika.

Anapiga hesabu ya sekunde chache. Mkanda, kamba za viatu, pochi, pete ya ndoa: vyote vinavyomtambulisha kuwa ni mtu wa nje, anaachana navyo. Anapotokeza mlangoni ni mfungwa mgeni, kaletwa leo, kesi ya kuua.

Kuhusu dari, Mzee alikuwa ameshacheka kabla ya hapo. "Dari la serikali hilo," alisema. "Halichagui ajira mpya wala mstaafu."

Juan anapelekwa mbele ya Malamadre. Jina hilo ukilitafsiri kavukavu ni Mama Mbaya, na anayelibeba ni Luis Tosar, mwigizaji kutoka Galicia ambaye miaka kadhaa nyuma alishachukua tuzo ya Goya kwa kucheza mume anayempiga mkewe. Humu kanyoa kipara, kaacha ndevu za kidevuni, na sauti yake inatoka kama kiti kinachokokotwa juu ya sakafu ya saruji. Anamvua mgeni nguo mbele ya kadamnasi, anamkagua, anamhoji, kisha anampa jina la utani: Calzones, yaani nguo ya ndani. Alberto Ammann anayemcheza Juan alikuwa bado hajulikani, na hilo lilimsaidia mwongozaji, Daniel Monzón. Ule uso hukuwahi kuuona popote. Hujui utafika wapi.

"Huyo ndiye nyampara," Mzee akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akajisahihisha mwenyewe. "Hapana. Nyampara tunamchagua sisi. Huyu hajachaguliwa na mtu."

Sentensi hiyo ina uchambuzi kuliko kurasa nyingi nilizosoma kuhusu filamu hii. Nyampara ni mfungwa anayepewa na askari kazi ya kuwasimamia wafungwa wenzake: usafi, foleni ya chakula, nani alale wapi. Mamlaka yake ni ya kuazimwa, na mwenye mali akiitaka leo anaichukua leo. Malamadre hakuazimwa kitu. Kifungo chake ni kirefu mno kiasi kwamba hakuna adhabu iliyobaki ya kumtishia nayo, na mtu wa namna hiyo ndani ya gereza anakuwa huru kwa namna ambayo mkuu wa gereza hawezi kuwa. Mkuu ana pensheni ya kulinda.

Sasa, usomaji uliozoeleka wa Celda 211 unakwenda hivi: kijana mwema anatupwa katikati ya mashetani, anaiga ushetani ili apone, na mwisho ushetani unamwingia kweli. Mazingira yamemharibu. Watu wakishafika hapo huwa wanalileta lile jaribio la Stanford la Agosti 1971, mwanasaikolojia Philip Zimbardo na wanafunzi 24 wa vyuo waliojitolea, nusu wakiitwa askari na nusu wafungwa, lililopangwa kwenda wiki mbili likavunjwa siku ya 6. Valisha mtu sare, wanasema, na sare itamfanyia kazi yake.

Siukubali usomaji huo, na hata hilo jaribio lenyewe siku hizi halisimami vizuri. Kumbukumbu za sauti zilizokuja kusikilizwa miaka mingi baadaye zina mtu wa timu ya watafiti akimhimiza "askari" mmoja aliyekuwa mpole awe mkali zaidi. Kwa maneno mengine, sare haikumfanya mtu chochote. Mkubwa alikuja akasema unavyotakiwa kuwa. Aliyepita depo yoyote ya jeshi lolote anakijua kitu hicho bila kwenda Stanford.

Kinachomtokea Juan ni kingine kabisa, na ili kukiona inabidi tuwatazame watu watatu ambao katika filamu hawasemi mengi.

Katika gereza lile wamo wafungwa watatu wa ETA, kundi lililoanzishwa 1959 kupigania uhuru wa nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, kwa bunduki na mabomu, na lililoua watu zaidi ya 800 kabla ya kutangaza kuacha silaha Oktoba 2011 na kujivunja rasmi 2018. Filamu ilipotoka ETA ilikuwa bado inaua. Tangu 1989 serikali ya Hispania ilikuwa na sera ya kuwatawanya wafungwa hao kwenye magereza ya mbali na kwao, huyu kusini kabisa, yule magharibi, ili wasijipange pamoja. Familia zao zikawa zinasafiri mamia ya kilomita kwenda kumwona mtu kwa muda mfupi. Ndiyo maana haishangazi kuwakuta hao watatu katika gereza la watu wengine kabisa.

Malamadre anawateka. Anajua vizuri kwamba maisha ya askari, maisha ya mfungwa wa kawaida, hata maisha ya Malamadre mwenyewe, hayamnyimi usingizi waziri yeyote Madrid. Wabaski watatu wakifa ndani ya gereza la serikali, nchi ya Wabaski itawaka na serikali itatetereka. Kwa hiyo kikosi cha kuvamia, kilichokwisha kuwa tayari, kinasimamishwa. Simu zinapigwa. Anatumwa mtu wa kuzungumza.

Humohumo ndani yumo askari wao. Wakuu wanajua. Wamemwona kwenye kamera, wanamfuatilia kwenye luninga zao kule chumba cha uangalizi. Na kilichozuia risasi siyo yeye.

Hili Juan analiona, polepole, kama mtu anayesoma karatasi ya mshahara wake na kukuta makato ambayo hakuwahi kuambiwa. Upande wake una orodha ya bei. Juu kabisa wamo watu walioua kwa jina la siasa. Chini yao ni sura ya serikali kwenye taarifa ya habari ya usiku. Huko chini, mstari ambao mtu hasomi mpaka ametulia, yumo yeye. Na chini yake zaidi yumo yule aliyekuwa akilala chumba 211.

Malamadre yeye aliisoma orodha hiyo zamani. Ndiyo tofauti kubwa kati yao wakati filamu inaanza, kuliko hata tofauti ya ufunguo na pingu. Mfungwa katili anaifahamu serikali kama mvuvi anavyofahamu maji kupwa na kujaa. Askari mpya bado anaiamini kama ilivyoandikwa kwenye barua ya ajira. Urafiki wao, ambao ndio moyo wa filamu, ni shule. Mwalimu ni yule aliyeua.

Nimetaja sera ya kuwatawanya wafungwa wa ETA kwa sababu ni rahisi mtu wa huku kwetu kudhani Wahispania wametunga tu. Hawakutunga. Dikteta Franco alipokufa 1975 nchi iliingia katika kufungua milango ya magereza kwa awamu, na msamaha mkubwa wa 1977 uliwatoa wafungwa wa kisiasa. Wezi, wavunjaji maduka, watoto wa mitaani waliofungwa na sheria zilezile za Franco, wao wakabaki ndani. Wakajiuliza: na sisi? Wakaunda umoja wao, COPEL, na Julai 1977 wakapanda juu ya paa la gereza la Carabanchel, Madrid, wakakaa huko siku kadhaa huku mji mzima ukiwatazama. Sheria mpya ya magereza ilikuja 1979, nzuri sana kwenye karatasi. Lakini tofauti kati ya mfungwa anayehesabiwa na asiyehesabiwa haikwenda popote.

Halafu ikaja 1991. Baada ya wimbi la machafuko na utekaji wa askari magerezani, idara ilianzisha utaratibu unaojulikana kwa kifupi cha FIES: majalada ya wafungwa wa kufuatiliwa kwa karibu. Daraja la kwanza walikuwa watu kama Malamadre, wale wa machafuko. Mtu akishaingizwa kwenye jalada hilo, siku yake inakuwa chumba kimoja, peke yake, kwa saa nyingi, uwanjani kidogo, barua zinasomwa, anahamishwa gereza hadi gereza. Machi 2009 Mahakama ya Juu ya Hispania ilifuta sehemu ya waraka uliokuwa ukiendesha utaratibu huo, kwa hoja kwamba haki za mtu haziwezi kupunguzwa kwa waraka wa ofisini. Filamu ilianza kuonyeshwa kwenye kumbi za nchi hiyo Novemba ya mwaka huohuo. Mtazamaji wa Kihispania aliyeketi ukumbini na kumsikia Malamadre akitaja madai yake hakuwa anasikia hadithi ya kubuni. Alikuwa anasikia jambo lililopita kwenye magazeti miezi michache nyuma.

Hata majengo ni ya kweli. Walirekodi ndani ya gereza la zamani la Zamora, lililokuwa limeshafungwa na kuachwa, na ukiangalia kuta huwezi kudanganywa: rangi imebanduka yenyewe, haikubanduliwa na fundi wa seti.

Nirudi kwa mtu wa chumba 211, maana filamu inaanza naye na mimi nimemruka. Tukio la kwanza kabisa, kabla hata ya kumjua Juan, tunaona mikono. Inachukua kichungi cha sigara, inakiyeyusha kwa moto wa kiberiti, inakibana mpaka kinakuwa bapa na kugumu, inakisugua mpaka kinakuwa na makali. Kisha mikono ileile inafanya ilichokusudia, juu ya sinki. Hakuna muziki wa kukwambia uhuzunike. Mtu anatengeneza kifaa kwa utulivu wa fundi saa. Baadaye tunaambiwa alikuwa mgonjwa, akilalamika, na hakuna aliyemsikiliza.

Hapo Mzee hakusema kitu. Alinyoosha mkono akapunguza sauti, ingawa hapakuwa na sauti ya kupunguza.

Nilimuuliza baadaye kama wafungwa wa huku nao hutengeneza vitu. Akacheka. Alinihesabia: kijiko kilichosuguliwa ukutani, mswaki, waya wa kitanda. "Binadamu ukimnyang'anya kila kitu, mwanangu, anaanza kufikiri," alisema. "Na wewe askari, mshahara wako wote ni kufikiri kabla yake. Huwezi. Yeye ana saa ishirini na nne, wewe una zamu ya saa nane na unawaza ada."

Katikati ya filamu kuna askari mmoja mzee anaitwa Utrilla, anachezwa na Antonio Resines, ambaye Wahispania wengi walikuwa wamemzoea kwenye vichekesho. Ni askari wa kirungu. Hana ubaya wa kutisha kama wa Malamadre. Ana ule ubaya mdogomdogo wa kila siku, wa mtu aliyepewa kona yake na hakuna anayemkagua. Familia za wafungwa na za askari zinakusanyika nje ya geti kutaka habari, mambo yanachafuka, na Utrilla anatoka na kirungu chake. Miongoni mwa wanaopigwa ni Elena, mke wa Juan, mjamzito wa miezi sita, aliyekwenda pale kumtafuta mumewe kwa sababu simu haipokelewi.

Na Juan anaona. Wafungwa wana televisheni, picha zinarushwa, na yeye kasimama katikati ya watu ambao hawajui kwamba mwanamke yule ni nani kwake. Ni dakika ambayo Ammann aliipatia kuliko zote. Haruhusiwi kulia. Akilia, atauawa. Askari magereza anatazama kirungu cha askari magereza kikishuka juu ya mkewe, na njia pekee ya kubaki hai ni kufanya uso wa mfungwa anayetazama habari.

Atakuja kumchinja Utrilla kwa mkono wake, mbele ya Malamadre. Wale wanaosema "mazingira yamemharibu" wanaonyesha kidole hapo. Mimi naona kinyume: ni kitendo cha mtu ambaye ametolewa kwenye daftari na waajiri wake, akagundua, akaandika jibu. Simtetei. Shingo ni shingo. Lakini ukisema ni ushetani wa wafungwa umemwambukiza, unawasafisha walioko juu, na filamu haikutaka wasafishike. Hao wafungwa mpaka wakati huo walikuwa wamempa Juan kitu ambacho ofisi haikumpa: walimwamini neno lake. Malamadre anapokuja kujua kwamba Calzones wake ni askari, anaumia kama mtu aliyeibiwa na ndugu. Kwa wakubwa wa Juan sikuona uso wa namna hiyo hata mmoja.

Mwisho siusemi, kuna watu hawajaiona.

Ina makosa yake, tena si madogo. Hilo dari ni bahati mbaya ya mwandishi, kama vile nyoka anayetokea kwenye tamthilia za redio pale mtunzi alipokwama. Apache, mfungwa wa Kikolombia anayechezwa na Carlos Bardem, kapewa usaliti kama sehemu ya uraia wake. Ukishamwona mara ya kwanza unajua kazi aliyoletewa. Na Elena. Marta Etura aliibeba nafasi hiyo vizuri mpaka akapata Goya, moja kati ya 8 ambazo filamu ilizoa Februari 2010 ikiwa imependekezwa kwa 16, lakini aliyopewa abebe ni mimba na kifo. Mtunzi alihitaji sababu ya mwanaume kuua, akaitoa kwenye tumbo la mwanamke. Ni mtindo wa zamani, na Monzón na mwenzake Jorge Guerricaechevarría, waliokuwa wanafanyia kazi riwaya ya Francisco Pérez Gandul, wangeweza kufikiri zaidi. Mwaka 2025 Wamexico walitoa mfululizo wao wenye jina hilohilo, mkasa ukiwa Ciudad Juárez. Nimeutazama nusunusu. Bunduki ni nyingi mno, na bunduki zikiwa nyingi ile orodha ya bei haisomeki tena.

Huku kwetu mada ya askari magereza haina mwenyewe. Magereza tunaijua kwa karandinga linalotupita barabarani na vidole vimeshika nondo, kwa timu ya Tanzania Prisons ya Mbeya ambayo huwa hainyanyasiki kirahisi ugenini, na kwa vitanda na makabati ya mninga ambayo tunasifia kwamba hayafi. Askari mwenyewe haonekani. Akionekana, ni kwa ubaya, na mara nyingi ubaya wenyewe ni wa kweli. Sisahau Septemba 2000 pale gereza la King'ong'o, Nyeri, nchini Kenya, wafungwa 6 waliohukumiwa kunyongwa walipokufa, maelezo ya kwanza yakawa walikuwa wanatoroka, kisha uchunguzi wa maiti ukaonyesha vipigo.

Lakini kuna Aprili 2008 pia, na hiyo watu wameisahau. Askari magereza wa Kenya waligoma nchi nzima. Sababu zilikuwa posho na makazi: watu wazima wenye familia wakigawana chumba, pazia katikati, upande huu baba na mama na watoto, upande wa pili familia nyingine. Kwa siku chache nchi ikagundua kwamba kuna binadamu wanaoshika funguo. Viongozi wakaenda, wakaahidi, magazeti yakahamia kwenye jambo jingine.

Nilimtajia Mzee habari hiyo nikitegemea atasema jambo zito. Alisema tu, "Pazia la kitenge au la shuka?" Nikamwambia sijui. "Kuna tofauti," akasema. "Kitenge kinapitisha mwanga."

Mkewe alikuwa akipita na kurudi na chai wakati wote huo, bila kukaa. Mama si mtu wa filamu. Ilipofika pale Elena yuko getini, anasukumana na watu, alisimama na sinia mkononi.

"Sasa huyu dada kafuata nini pale na tumbo lile?"

"Si anamtafuta mumewe," nikamjibu.

"Anamtafuta ndiyo. Lakini hawawezi kumwambia kitu."

Mzee alisema, macho yake bado yako kwenye skrini, "Mbona wewe ulikuja."

Hapo ndipo niliposikia kisa ambacho katika miaka yote ya ujirani sikuwahi kukisikia. Zamani, kituo fulani bara, kulizuka vurugu usiku. Mzee alikuwa zamu. Kota hazikuwa mbali, makelele yalisikika. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akajaza chupa ya chai, akaenda getini. Nilimuuliza kwa nini chai. Akaniangalia kama vile nimemuuliza kwa nini alivaa nguo. Walikuwa wanawake kama kumi hivi, wake za askari, wamekaa chini ya mwarobaini. Hakuna aliyetoka kuwaambia neno. Kila lori lililoingia walisimama, lilipopita wakakaa. Kulipopambazuka akaja ofisa mmoja kijana, akawaambia hakuna kilichotokea, warudi nyumbani wakapike. Mzee alirudi saa nne asubuhi, shati limechanika begani. Naye alisema hakuna kilichotokea.

"Na chai?" nikauliza.

"Niliimwaga. Ilikuwa imepoa."

Tukaendelea kutazama. Mama safari hii alikaa, kwenye mkono wa kochi, sinia magotini. Nikaendelea na ulufufu wangu, sasa kwa watu wawili. Filamu inafungia kwenye chumba cha kuhojiwa: yamekwisha kila kitu, waliobaki upande wa serikali wanatoa maelezo yao kwa sauti ya kiofisi, na mmoja anamaliza kwa kuuliza kama kuna swali jingine. Nikatafsiri hivyohivyo: kuna swali jingine?

"Mimi ninalo," Mama akasema.

Mzee alikuwa ameshainuka kuzima televisheni.

"Yule wa mwanzo. Aliyejikata. Habari kwao aliipeleka nani?"

Nilirudisha nyuma kutafuta. Tulitazama tena dakika kama kumi na tano za mwanzo, nikisoma kila neno. Hawakusema.